Chumvi isiyolala

Kifimbo cha beriliamu, unene wake kama sentimita moja, kimetiwa ndani ya kikapu kidogo cha nikeli chenye matundu. Kinateremshwa kwa waya kupitia bomba refu hadi kwenye bakuli la pampu, mahali ambapo chumvi yenye urani inazunguka ikiwa na joto la nyuzi 650 hivi za Selsiasi. Kinaachwa humo kwa saa kadhaa. Kikivutwa juu kimekonda: gramu chache zimeingia kwenye chumvi, na tabia ya chumvi yote kinuni imebadilika.

Hivyo ndivyo wakemia wa maabara ya taifa ya Oak Ridge, katika jimbo la Tennessee nchini Marekani, walivyokitunza kinu cha nyuklia cha majaribio cha chumvi iliyoyeyuka, kilichoitwa MSRE, kilichowaka kwa mara ya kwanza Juni 1965 na kuzimwa Desemba 1969. Waliipima chumvi, wakaitia dawa, wakaipima tena. Sampuli nazo zilichotwa kwa kijiko kidogo cha shaba kilichoning'inizwa kwenye waya, gramu 10 kwa mteko mmoja.

Naanza na kifimbo hicho kwa sababu hukioni kwenye matangazo. Vinu vya chumvi iliyoyeyuka vinapigiwa debe upya, na sifa zinazotajwa ni zile zile kila mara: vinafanya kazi bila shinikizo kubwa, chumvi yake haichemki mpaka joto lipite nyuzi 1,400, fueli haiwezi kuyeyuka kwa ajali kwa sababu tayari imeyeyuka, na umeme ukikatika kizibo cha chumvi iliyogandishwa kinayeyuka chenyewe ili fueli imwagike kwenye matangi ya chini na kutulia humo. Sifa hizo ni za kweli, sizipingi hata moja. Lakini zote zinahusu joto na shinikizo. Kinachoamua kama kinu hiki kitadumu miaka 5 au 40 ni kemia ya ile chumvi, na kemia hiyo inataka kuangaliwa wakati wote, hata baada ya kinu kuzimwa. Hasa baada ya kuzimwa, ningeongeza.

Chumvi yenyewe si ile ya mezani. Ya MSRE ilikuwa mchanganyiko wa floridi nne: ya lithiamu, ya beriliamu, ya zirkoniamu na ya urani. Kila moja peke yake inataka joto kali kuyeyuka, ila zikichanganywa kiwango cha kuyeyuka kinashuka hadi karibu nyuzi 434. Ikiwa moto wa kutosha inapitisha mwanga kama maji, na urani ndiyo inayoipa ukijani. Ikiwa majimaji, mionzi haiiumizi, kwa kuwa ioni zinazotenganishwa na mionzi hurudiana papo hapo. Shikilia hilo neno "ikiwa majimaji", tutalihitaji mbele.

Sasa weka chumvi hiyo ndani ya bomba la chuma. Chuma kisichoshika kutu kinajilinda kwa ngozi nyembamba ya oksidi ya kromiamu. Ngozi hiyo ndiyo siri yake yote hewani na majini. Katika floridi moto ngozi hiyo inayeyuka, na chuma kinabaki uchi. Kuanzia hapo kinga ni moja tu, nayo ni kwamba chumvi isiwe na njaa.

Njaa ya nini? Ya elektroni, ambazo florini huzinyakua kutoka kwenye metali. Kila metali ina kiwango chake cha kupenda kushikana na florini. Lithiamu na beriliamu zinaipenda mno, ndiyo maana floridi zake hazisumbui mtu. Urani inafuata. Chini ya urani yuko kromiamu, kisha chuma, kisha nikeli, na mwisho kabisa molibdeniamu ambayo florini haiishughulishi sana. Kwa hiyo florini yoyote inayozurura ndani ya bomba itapita nikeli bila kuigusa na kwenda kumchukua kromiamu. Inamng'oa kutoka kwenye aloi chembe kwa chembe, na pale alipokuwa panabaki vishimo.

Waamerika walijifunza hilo mapema. Mwaka 1954, papo hapo Oak Ridge, waliwasha kinu kidogo cha chumvi kilichokusudiwa kufungua njia ya kuendesha ndege za kivita. Mabomba yake yalikuwa ya Inconel, aloi ya nikeli yenye kromiamu asilimia 15 hivi, na joto lake lilipita nyuzi 800. Kwa jaribio la siku chache yalitosha, lakini kwa mtambo wa kudumu hayafai. Ndipo wakabuni aloi mpya waliyoiita INOR-8, inayojulikana leo kwa jina la Hastelloy N: nikeli kwa wingi, molibdeniamu asilimia 16 hivi, kromiamu asilimia 7 tu. Mtu atauliza, kama kromiamu ndiye anayeliwa, si wangemwondoa kabisa? Wasingeweza, kwa sababu upande wa nje wa bomba unatazamana na hewa, na huko nje kromiamu ndiye mlinzi. Hiyo asilimia 7 ni mapatano kati ya maadui wawili wa pande mbili za ukuta mmoja.

Kuna jambo lingine ambalo hata wahandisi wazoefu huliruka. Unaweza kudhani kwamba kromiamu ikishayeyuka kiasi fulani chumvi itashiba, na kazi itaishia hapo. Kwenye sufuria iliyotulia, ndiyo. Kwenye kinu, chumvi inazunguka kati ya upande wa moto na upande wa baridi kidogo. Upande wa moto inachukua kromiamu, upande wa baridi inaiacha, inarudi kwenye moto ikiwa na nafasi ya kuchukua nyingine. Bomba moja linakonda huku jingine likinenepa, na hakuna siku ya kushiba. Dawa ni kuishusha njaa yenyewe mpaka safari hiyo iwe ya polepole kiasi cha kuhesabika kwa miongo.

Na hapo ndipo kifimbo cha beriliamu kinaporudi. Urani katika chumvi hii ina hali mbili. Kuna urani iliyoshika florini nne, na kuna iliyoshika tatu. Ya nne inaweza kumnyang'anya kromiamu elektroni zake ili iwe ya tatu. Ya tatu inaweza kuipokea florini inayozurura ili iwe ya nne. Uwiano wa hizi mbili ndio kipimo cha njaa ya chumvi. Oak Ridge walilenga takribani urani moja ya tatu kwa kila mia za nne. Uwiano ukipanda sana, yaani za nne zikizidi mno, kromiamu analiwa. Ukishuka sana, urani inaanza kujitenga kama metali, au kushikamana na grafiti, ile kaboni iliyomo kinuni, na kuwa kabidi. Hali zote mbili ni mbaya. Njia ya katikati ipo, ni pana kiasi, lakini ina kingo.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba kinu kinausogeza uwiano huo chenyewe kwa kufanya kazi yake ya kawaida. Fungua daftari la hesabu. Atomu moja ya urani inapasuka. Ilikuwa imeshika florini nne, sasa zote nne hazina mwenyewe. Mahali pake pamezaliwa atomu mbili mpya. Zingekuwa zote ni za kupenda florini, hesabu ingefungwa. Lakini baadhi ni zenoni na kriptoni, gesi zisizoshikana na yeyote, zinatoka na mapovu ya heliamu. Nyingine ni molibdeniamu, rutheniamu na wenzao, ambao huenda kujibandika kwenye kuta za bomba na grafiti kama metali tupu. Mwisho wa hesabu wapokeaji wanapungua kidogo kuliko florini, na ziada hiyo inazunguka ikitafuta pa kukaa. Kila siku ya umeme ni siku ya kuongeza njaa. Ndiyo maana kifimbo kinateremshwa: beriliamu inainyaka florini iliyozidi, na urani ya tatu inarudishiwa idadi yake.

Kinu cha kawaida kinachopozwa kwa maji hakina kitu cha namna hii. Huko fueli imefungwa ndani ya vijiti vya metali, na mazao ya mpasuko yanabaki humo humo mpaka siku ya kutolewa. Kwenye chumvi kila kitu kiko sufuria moja: fueli, kipozeo, taka na bidhaa. Mkemia anayeona sufuria kama hiyo anafurahi na kuogopa kwa wakati mmoja.

Hofu ilipata sababu kinu kilipozimwa. Vipande vya Hastelloy N vilivyokuwa ndani ya chumvi vilipokatwa na kuvutwa, vilionyesha nyufa ndogo ndogo kwenye uso, zikifuata mipaka ya punje za aloi. Kromiamu haikuwa na hatia safari hii. Mhalifu alikuwa teluriamu, zao dogo la mpasuko wa urani ambalo kiasi chake ni kidogo hata ukilinganisha na mazao mengine. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka mzima wa kupima chumvi safi maabara, bila mionzi na bila mpasuko, usingekuonyesha teluriamu, kwa sababu anazaliwa ndani ya kinu chenyewe.

Watafiti waliendelea miaka ya 1970 na wakapata majibu mawili. La kwanza, kuongeza niobiamu asilimia 1 au 2 kwenye aloi. La pili ni lile lile la kifimbo: uwiano wa urani ukishikiliwa chini ya 60 hivi kwa moja, teluriamu haishambulii. Namba moja inatibu magonjwa mawili, na ukiiacha iteleze yote mawili yanarudi pamoja. Ni suluhisho zuri la karatasini. Ila halijawahi kuthibitishwa kwa kinu kikubwa kilichofanya kazi miaka 20, maana mradi ulifungwa kabla.

Mengine nayapitia haraka. Unyevu: tone la maji likiingia kwenye chumvi, oksijeni yake inaweza kuikamata urani na kuizamisha chini kama oksidi, jambo lisilotakiwa kabisa, kwa hiyo zirkoniamu iliwekwa ili iikamate oksijeni kabla ya urani. Lithiamu: ile ya asili ina asilimia 7 hivi ya lithiamu-6, aina ambayo inakula nyutroni na kuzaa tritiamu, yaani hidrojeni yenye mionzi, kwa hiyo lazima itumike lithiamu-7 ya usafi wa asilimia 99.99. Marekani iliitenga kwa zebaki kwenye kiwanda cha Y-12 pale pale Oak Ridge, na zebaki iliyopotea imeacha uchafu kwenye udongo na vijito mpaka leo. Sasa hivi watengenezaji wake wakuu ni Urusi na China, jambo ambalo watu wa siasa wanapaswa kulipigia kelele kuliko wanavyofanya. Na hata ukiwa na lithiamu-7 safi tritiamu bado inazaliwa, na metali moto haiwezi kuizuia. Inapenya ukuta wa bomba kama vile ukuta haupo.

Wapo wanaosema basi tuachane na floridi, twende kwenye kloridi, ambayo inafaa kinu cha nyutroni za kasi. Kampuni ya TerraPower iko kwenye njia hiyo. Lakini klorini-35, ambayo ndiyo robo tatu ya klorini yote ya asili, ikipokea nyutroni inazaa klorini-36 inayodumu kwa nusu-maisha ya miaka 301,000, na kwa njia nyingine inazaa salfa, ambayo nikeli haielewani nayo hata kidogo. Unaweza kutenga klorini-37 ukaitumia hiyo peke yake. Hapo umehama tatizo la lithiamu na kuhamia ndugu yake.

Turudi kwenye lile neno, "ikiwa majimaji".

Desemba 1969 chumvi ya MSRE ilimwagwa kwenye matangi yake ya chini, ikaachwa ipoe na kugandia humo. Kila mtu aliona ni mahali salama. Jiwe la chumvi ndani ya tangi la aloi, chini ya ardhi, likisubiri uamuzi. Lakini mionzi ya fueli haikujua kwamba kinu kimezimwa. Ndani ya chumvi iliyoganda ioni haziwezi kukimbiliana tena kama zilivyofanya zikiwa majimaji. Mionzi ikizitenganisha, zinabaki zimetengana. Florini ikaanza kujikusanya kidogo kidogo ndani ya jiwe. Wataalamu walilijua jambo hilo, na kwa miaka walikuwa wakiipasha chumvi moto kila mwaka, bila kuiyeyusha, ili florini irudi mahali pake. Walidhani inatosha.

Mwaka 1994 walivuta sampuli ya gesi kutoka kwenye mabomba yaliyounganishwa na matangi. Walikuta florini. Walikuta pia heksafloridi ya urani, yaani urani iliyoshika florini sita, ambayo ni gesi inayosafiri kwa urahisi. Urani ilikuwa imeondoka kwenye jiwe, ikapanda kwenye mabomba, ikapita valvu zilizodhaniwa zimeziba, ikaenda kukusanyika kwenye kitanda cha mkaa kilichokusudiwa kunasa gesi. Zaidi ya kilo 2 za urani-233, aina inayoweza kuwasha mnyororo wa mipasuko, zilikuwa mahali ambapo hakuna aliyezipangia. Maji yaliyozunguka kitanda hicho yakaondolewa, kwa kuwa maji yakiingia kwenye urani ya namna hiyo yanaweza kuuwasha mnyororo. Na mkaa ukikutana na florini unazaa misombo inayoweza kulipuka, kwa hiyo ikabidi upitishiwe amonia kwanza kuituliza kabla ya mtu kuugusa.

Hii ndiyo sehemu ya historia ninayotaka kila mpenzi wa vinu hivi aijue kwa kichwa. Hakuna aliyekufa, hakuna mji uliohamishwa, na kwa kulinganisha na maafa tunayoyajua ya nyuklia ni kisa kidogo. Lakini kinaivunja kabisa dhana moja: kwamba chumvi iliyoganda imelala. Kizibo kinachoyeyuka na matangi ya chini vinasifiwa kama mwisho wa hadithi ya usalama. Kwa saa na siku za ajali, ni mwisho mzuri. Kwa miaka 25 ya baadaye ni mwanzo wa hadithi nyingine.

Je, hoja yangu ni kwamba tuviache? Hapana. Kwa kweli naona aibu kidogo kwamba kinu kilichofanya kazi vizuri kiasi kile kiliachwa nusu karne bila mrithi. Sasa mrithi yupo. Wuwei, mkoani Gansu nchini China, kuna kinu cha megawati 2 za joto kilichojengwa na taasisi ya fizikia tumizi ya Shanghai. Kiliwaka Oktoba 2023, kikafika nguvu kamili Juni 2024, na baadaye mwaka huo kikatiwa thoriamu, metali inayoweza kugeuzwa fueli ndani ya kinu. Habari zake zilipotoka, vichwa vilikuwa vya thoriamu na vya mashindano ya mataifa. Mimi nilikuwa nasaka namba moja, ya uwiano wa urani, na nikasaka kipande cha aloi kilichokatwa na kuwekwa chini ya hadubini. Kinu kidogo kama hicho thamani yake kubwa ni hivyo vipande. Kwa sasa kuzungumza kuhusu umeme wake ni kukosea kazi yake.

Wengine wamechagua kukwepa, na sisemi hivyo kwa dharau. Kampuni ya Kairos Power, iliyopewa kibali cha kujenga kinu chake cha Hermes huko Oak Ridge mwaka 2023, haitii urani ndani ya chumvi kabisa. Fueli imo ndani ya vitufe vya grafiti, na chumvi ya lithiamu na beriliamu inabeba joto tu. Hapo teluriamu inabaki kifungoni, na kwa hiyo wanaweza kutumia chuma kisichoshika kutu cha kawaida cha viwandani, 316H, mradi chumvi ibaki safi. Gharama yake ni kwamba urani haipo kuwa kipimo na mto wa kuegemea. Wanahitaji njia nyingine ya kuishika njaa ya chumvi. Terrestrial Energy, kampuni iliyoanzishwa Kanada, ina jibu la ukweli zaidi: moyo wote wa kinu unafungwa kama kasha moja na kubadilishwa kila baada ya miaka 7. Hawasemi wameishinda kutu. Wanasema wataondoka kabla haijawashinda. Nauheshimu mpango huo kuliko michoro inayoahidi miaka 60 kwa aloi ambayo haijakaa hata miaka 5 kwenye chumvi yenye mpasuko. Tatizo ni rundo la makasha yaliyotumika, kila moja likiwa na chumvi na metali zenye mionzi mikali, na kila moja likihitaji mtu wa kulitazama.

Ndiyo maana nikisikia mradi mpya ukitangazwa, maswali yangu hayaanzi na bei ya umeme. Nataka kujua uwiano wa urani utapimwa vipi ndani ya chumvi ya nyuzi 650 yenye mionzi, kwa kifaa gani, na mara ngapi kwa siku. Maabara za sasa zinatumia elektrodi, na elektrodi hizo zina ugonjwa wake: zikikaa humo muda mrefu usomaji wake unaanza kuhama. Nataka kujua nani ana mamlaka ya kuzima kinu namba hiyo ikiteleza, mkemia au meneja wa mauzo. Na nataka kuona ukurasa unaoeleza chumvi itafanywa nini siku kinu kitakapozimwa kwa mara ya mwisho: nani ataitoa urani, lini, na kwa fedha zilizowekwa akiba wapi.

Oak Ridge walifanikiwa kuitoa urani yao nyingi, kazi iliyomalizika 2008. Waliipasha chumvi moto tena, wakaiyeyusha, wakapitisha florini kwa makusudi ili urani ipande kama gesi na kunaswa, yaani kemia ile ile iliyowatisha 1994, safari hii ikiwa mkononi mwao. Chumvi yenyewe, tani kadhaa, bado imo ndani ya matangi yale yale, imeganda, na florini inaendelea kujikusanya humo taratibu. Kinu kilifanya kazi miaka minne na nusu.